Nyimbo Saba Zilizobaki Ndani

Mwanangu Sakina,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula mihogo ya kuchemsha sahani mbili, umegombana na zipu ya begi, na sasa umekwenda Katubuka kumuaga shangazi yako. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kimenijaa. Nimejifungia kwenye chumba cha kurekodia, nimekalia kile kiti kilichopasuka, namwandikia mtu ninayeishi naye nyumba moja. Ukiona mama mtu mzima anamwandikia barua mwanawe atakayerudi kabla ya magharibi, ujue mdomo umemshinda.

Sitakuandikia habari za kula, kusali, kuvaa, wala wanaume wa Dar. Hayo tumeshayasema, na mengine nimeyarudia mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla yangu. Shuka ziko chini ya begi, mawese nimeyafunga mara tatu yasimwagike, dagaa wako kwenye ndoo yenye mfuniko. Ninalotaka kukuambia ni moja tu, na nimelificha kwa miezi minne.

Nyimbo zako hazifunguki.

Zote saba. Zile ambazo watu wa studio ya Dar wamekuambia uende nazo, kila sauti peke yake, ngoma peke yake na uimbaji peke yake, ili wasikie jinsi unavyopanga. Kila ulipoitaka tableti nilikuambia inachaji, au kioo kinasumbua, au nimemwazima mtu. Ulikuwa uongo. Jana nimeiweka kwenye begi lako kama ulivyoniomba, nikaifunika kwa kanga, na wewe ukanishukuru. Ungefika Dar, ungekaa mbele ya watu usiowajua, ungebonyeza, na programu ingekuuliza nenosiri ambalo mimi sina na wewe huna. Naiona picha hiyo kila nikifumba macho, wewe umeinamisha kichwa na wao wanatazamana.

Nikueleze ilivyoanza, maana nusu unaijua na nusu huijui.

Ulikuwa kidato cha pili niliponunua ile tableti. Mgongo ulikuwa umeshakataa kuinama kwenye vichanja vya kuanikia dagaa kule mwaloni, boti zinakoshushia. Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa kinamlipa mtu mmoja wa mjini aturekodie nyimbo za majina, zile za kumtaja bibi harusi na mama zake wadogo wakati wanaingia ukumbini, na yule bwana alikuwa hakosi kukosea jina. Siku alipomtaja marehemu badala ya dada yake aliye hai, nikasema basi, na mimi nina masikio. Idi, yule fundi simu aliyekuwa na kibanda karibu na soko, ndiye aliyeniwekea programu ya kutengenezea muziki. Aliniambia ni ya bure. Kweli ilikuwa ya bure, kama mlango wa duka ulivyo wa bure. Tukaziba dirisha la chumba hiki kwa matofali ili kelele za bodaboda zisiingie, tukabandika trei za mayai ukutani, na mtaa wetu mzima wa Buzebazeba ukajua Mama Sakina amefungua studio.

Ndani ya programu kulikuwa na ngoma moja na kinanda kimoja. Vingine vyote vilikuwa vinaonekana. Unaweza hata kukigusa ukakisikia sekunde tatu, halafu kinatokea kikufuli kidogo cha njano. Kulikuwa na ngoma moja nzito, yenye mlio unaoingia tumboni. Nilikuwa naacha sufuria jikoni nakuja humu kusikiliza zile sekunde tatu. Sijawahi kumpenda mwanamume namna ile, na baba yako akirudi kutoka ziwani asisome hapa.

Sasa, kununua vitu vya mtandaoni kunataka kadi, na mtaani kwetu mwenye kadi alikuwa Idi. Sote tulifanya hivyo hivyo: unampa Idi pesa mkononi, Idi ananunua kwa jina lake, kitu kinafunguka kwako. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama Sakina, una imeili?" Nikamwambia weka yako tu. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayekataa soda ya pili. Cha kuazima hakisitiri maungo, methali hiyo nimeiimba kwenye harusi zaidi ya moja huku nikimnyooshea kidole mke mwenza wa mtu, lakini siku ile haikunijia hata kidogo.

Tukanunua ile ngoma. Baada ya ngoma, uimbaji wa wanawake ukasikika umepinda, tukanunua kifaa cha kunyoosha sauti. Sauti zilipokwisha kunyooka, kinanda kikaonekana cha kitoto. Kila ukifungua kufuli moja unaliona jingine ambalo jana hukuwa na haja nalo. Mwisho programu ikasema inatuonea huruma, tulipe kila mwezi tufunguliwe vyote. Haba na haba hujaza kibaba, nakubali, lakini hakuna aliyeniuliza kibaba ni cha nani.

Unakumbuka kazi yetu inavyokwenda. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, boti zinavutwa juu, wanaume wako nyumbani na harusi zinafanyika. Siku hizo chumba hiki kilikuwa kinajaa mpaka wengine wanakaa juu ya sanduku. Giza la mwezi likiingia, wanaume wanarudi ziwani, wanawake wanarudi kwenye vichanja, na sisi tunabaki tunasikiliza feni. Programu haikujua habari za dagaa. Ilikuwa inakata pesa siku yake, na ikikosa inafunga. Ndiyo maana siku ile mashangazi wa bibi harusi kutoka Ujiji walikaa hapa tangu asubuhi, wamevaa sare zao, na wimbo wao umefungwa na kikufuli kwa sababu Idi alikuwa hapatikani. Wewe ukatoa wazo. Ukasema, "Mama, ngoma zetu za ngozi zipo hapo kwenye kona. Turekodi na hizo." Nikakuangalia kama mtu aliyenitukana mbele ya wageni. Nilikuambia usinirudishe ushamba. Mashangazi wale wakaondoka, wakaingia ukumbini na wimbo wa mtu mwingine, na mimi nikakununia wewe siku mbili. Ulikuwa sahihi, na nilijua ulikuwa sahihi kabla hawajafika barabarani.

Katika siku zile za giza ndipo ulipotengeneza nyimbo zako. Nilikuwa napika, nakusikia kupitia ukutani ukirudia mstari mmoja mpaka mimi mwenyewe nauimba nikisonga ugali. Na ni wewe uliyeniambia, si mara moja, tuzitoe nje ya programu tuziweke kwenye flashi. Kutoa kila sauti peke yake kulitaka kufuli jingine lifunguliwe. Nikasema mwezi ujao. Nikasema tena mwezi ujao. Mara ya mwisho nilikuuliza kama unadhani nyimbo zinaoza. Ulicheka, ukaacha.

Hapo ndipo nusu unayoijua inapoishia.

Siku ulipopata ujumbe kutoka Dar, ulikuja jikoni na simu, ukanisomea kwamba wanakuchukua ujifunze kwao kwa mwaka mzima, na kwamba uende na kazi zako. Nilisema alhamdulillahi, nikaendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Mchele ule haukuwa na mawe.

Siku tatu baadaye, wewe ukiwa mjini Kigoma kuulizia treni, Idi alikuja hapa nyumbani. Alisema anafunga kibanda, anavuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, kwa wajomba zake, na hajui atarudi lini. Hakuja kuaga tu. Alisimama hapo mlangoni, hakuingia, akasema, "Mama Sakina, nipe tableti leo. Nahamishia kila kitu kwa jina la binti, na nyimbo zake nazitoa moja moja. Ni kazi ya mchana mmoja, sitaki malipo."

Tableti ilikuwa nyuma yangu, juu ya godoro. Nilikuwa nimesimama baina yake na Idi. Nikamwambia iko Ujiji kwa dada yangu.

Akasema basi, atapita kesho yake. Kesho yake nikakutuma sokoni, nikaingia humu na tableti, nikafunga mlango kwa ndani. Nilimsikia akibisha hodi mara tatu. Mara ya tatu aliita jina lako, siyo langu. Chumba hiki hakina dirisha, jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikakaa nimeikumbatia tableti mpaka nikasikia viatu vyake vinaondoka. Boti yake iliondoka wiki hiyo hiyo.

Sakina, sikusahau, na sikuchelewa. Nilikusudia. Nilijiambia nyimbo zikibaki humu, na wewe utabaki. Utasema hujawa tayari, utasema mwaka kesho, na mwaka kesho mambo yatakuwa mengine. Nilikuwa na hofu ya nyumba hii bila wewe, hofu ya kweli. Nikafanya lile nililokuwa nalilalamikia kila mwezi: nikachukua kitu chako unachokipenda nikakiweka kufuli ili usiende mbali.

Nataka nikueleze habari ya bibi yako, si kwa ajili ya kujitetea.

Nilipokuwa na umri kama wako niliimba na bendi moja ya dansi hapa Kigoma, hilo unalijua, picha umeiona. Usilolijua ni kwamba kiongozi wa bendi alihamia Tabora, akaniita nimfuate, na wajomba zangu walikubali. Asubuhi ya safari bibi yako akapata homa. Alilala kwenye mkeka, anatetemeka, hataki maji, hataki daktari, anataka mkono wangu tu. Treni ikaondoka. Jioni ile ile alinyanyuka, akatwanga mihogo, akapika, akala vizuri kuliko mimi. Nilimtazama akila na nikaelewa kila kitu. Nilimpenda, nikamheshimu, nikaolewa karibu naye, nikamuuguza alipougua kweli, nikamwogesha kwa mikono yangu mpaka siku alipofariki. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia, na yeye nadhani alijua, na kila tulipokaa kula pamoja hasira ile ilikaa nasi. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kumwambia mama yangu kwamba amenikosea.

Nilidhani mimi nitakuwa mama wa aina nyingine. Nilijisifu hivyo kwa majirani.

Nimehangaika tangu wakati ule. Moyo wangu uligeuka nilipokuona unashona ile mifuko miwili kwenye begi, unaimba. Nilipojaribu kufungua programu, ilikuwa imekwisha kujifunga, inataka imeili na nenosiri la Idi. Namba yake haiiti. Nilituma ujumbe kwa watu wa boti zinazokwenda Kalemie, wakarudi wakasema ameingia ndani zaidi, kwenye migodi, wajomba zake wenyewe hawana habari zake. Nikakaa humu nabahatisha. Nilijaribu jina la mtoto wake, jina la timu yake, jina la kibanda, mpaka programu ikasema imenifungia kwa sababu za usalama. Nimekwenda kwa mafundi wawili hapa Kigoma. Wote wameniambia kitu kimoja: nyimbo haziko kwenye tableti, ziko huko juu kwenye akaunti, na akaunti si yangu. Mmoja alicheka kidogo aliponiambia, na nilikuwa na haki ya kuchekwa.

Kwa hiyo nimekaa hivi. Nikikuambia, nakuvunja siku moja kabla ya safari. Nisipokuambia, unavunjika mbele ya watu. Kila nilipotaka kusema ulikuwa na furaha, na kila siku niliyonyamaza iliifanya siku iliyofuata kuwa nzito zaidi. Wiki hii sikuwa nakula, wewe ukadhani ni huzuni ya kukuaga. Uliniletea uji, nikaunywa.

Usidhani nitakuambia ukaziimbe upya, kwamba ziko kichwani mwako. Watu wataniambia nikufariji hivyo. Najua unaweza. Lakini ule wimbo wa tatu, pale ulipokuwa na mafua na sauti ikakatika katikati ya mstari, ukaamua uiache, ule haurudi. Na ule ambao bibi yako anasikika akikohoa kwenye veranda na wewe hukutaka kumfuta. Nimekupotezea vitu ambavyo siwezi kukurudishia, na sitajifanya ni vidogo.

Sina ushauri mwingi wa kukupa, maana aliyetumbukia shimoni hafai kuonyesha njia. Nina moja tu ambalo nimelilipia. Huko unakokwenda watakuwa na vifaa vizuri kuliko tulivyowahi kuvisikia, watakupa kiti, watakupa nafasi, wengine watakupenda. Pokea. Lakini kabla hujaanza kuweka kazi yako mahali pao, uliza utaitoa vipi, na uliza kwa jina la nani. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka mama yako aliona wepesi kutouliza. Na uliza hata kwa mtu anayekupenda. Mimi nilikupenda, na tazama nilichofanya.

Nilipoanza kuandika, nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya shuka zako, uisome treni ikishapita Tabora. Nilikwisha kuchagua na mahali, kwenye ule mfuko wa pembeni. Nilijiambia ni kwa ajili yako, upate utulivu wa kusoma. Nimefika kwenye karatasi ya nne ndipo nimejiona. Ilikuwa kwa ajili yangu. Ukiwa mbali ungelia, ungenionea huruma, ungenipigia simu mtandao unakatika, ungesema hamna shida mama. Halafu ungekaa na hasira yako miaka mingi, unanitumia vitenge na pesa ya dawa, unaniuguza vizuri nikizeeka, na mimi ningejua na ningekufa nikijua.

Sitaki. Nakupa barua hii leo, kukiwa bado mchana, baba yako hayupo na hakuna mgeni. Treni ni kesho. Una jioni nzima ya kunikasirikia. Sema lolote, hata lile ambalo mtoto hamwambii mama yake. Sitakukumbusha adabu na sitapata homa. Ukitaka kuwapigia watu wa Dar uwaambie huna nyimbo, waambie ni mama yako aliyezifungia, uwape na jina langu. Wakikuuliza utakuja na nini, utajua mwenyewe cha kuwajibu, mimi nimeshakusemea vya kutosha. Na ukiamua hutaki nikusindikize stesheni kesho, sitakuja.

Nasikia sauti yako huko nje, unamwamkia mama wa nyumba ya pili na yeye anakuuliza shangazi hajambo. Umerudi mapema. Natoka nikupe karatasi hizi mkononi, na nitasimama hapo hapo mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukifika kwenye jina langu, inua uso, uniambie.

Mama yako,
Zuhura